Bei ya Guangzhou Si Bei ya Mangateen

Juma lililopita safu hii ilizungumza juu ya kuhifadhi unga na nafaka wakati wa mvua. Juma hili twaingia katika jambo ambalo limekuwa likijadiliwa sana katika nyua zetu hapa Mangateen, katika makambi ya jeshi na katika nyumba za askari polisi, nalo ni biashara ya kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo.

Sababu ya mjadala huo inaeleweka. Hapo Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta yetu ghafi kuelekea Port Sudan lilipasuka ndani ya nchi ya Sudan, ambako vita vilikuwa vimeanza Aprili 2023. Mapato ya serikali yakashuka, na mishahara ya watumishi na askari ikachelewa kwa miezi mingi. Tangu wakati huo nyumba nyingi zimejifunza kwamba chungu hakiwezi kungojea siku ya mshahara. Mama wa nyumbani amelazimika kutafuta njia nyingine ya kipato, na njia moja anayooneshwa kila siku katika simu ya mkononi ni hii: picha ya taa ya jua kutoka kiwandani Uchina, bei yake dola 6, ilhali taa iliyo mfano wake huuzwa mjini Juba kwa dola 12.

Basi moyo huruka. Kina mama wa sanduku, yaani wale wanaochangiana fedha na kupokezana kwa zamu, husema, "Kwa nini tusiagize wenyewe? Faida ni mara mbili!" Swali hilo si la kipumbavu hata kidogo. Lakini yafaa kabla ya kufungua sanduku tuulize swali lingine: hizo dola 6 zilizo katikati zimekwenda wapi? Je, zote zimo mfukoni mwa mfanyabiashara wa Konyo Konyo, au zimemwagika njiani? Tukilijibu swali hilo kwa kalamu na daftari, tutakuwa tumeielewa biashara yenyewe.

SAFARI YA TAA

Tuifuate taa hiyo toka ilikozaliwa. Imetengenezwa, tuseme, katika kiwanda kilicho karibu na mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina. Mji huo ni mashuhuri kwa wafanyabiashara wa Afrika, na tangu mwaka 1957 kumekuwa na maonyesho makubwa ya bidhaa huko ambayo siku hizi hufanyika mara mbili kwa mwaka. Taa hutiwa katika boksi, boksi hupelekwa ghalani, na ghalani hungoja mpaka kontena lijae. Kisha huenda bandarini, hupakiwa melini, na kuvuka Bahari ya Hindi hadi Mombasa.

Wengi hudhani kwamba shehena ikifika Mombasa kazi imekwisha. La hasha! Kutoka Mombasa hadi Juba kuna zaidi ya kilomita 1,600 za nchi kavu. Lori lazima lipite Nairobi, livuke mpaka wa Malaba au Busia, liingie Uganda, lipande hadi Gulu na Elegu, kisha livuke kuja Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192, nayo ndiyo barabara iliyotiwa lami na kufunguliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo lori liliweza kukwama matopeni kwa siku nyingi.

Katika Kenya na Uganda shehena yetu ni mali inayopita tu, kwa hiyo haitozwi huko ushuru wa kuingiza bidhaa. Lakini lazima wakala wa forodha aweke dhamana kwamba mali hiyo haitauzwa njiani, na kontena hutiwa lakiri ambayo hairuhusiwi kukatwa hadi mwisho wa safari. Lakiri ikikutwa imevunjwa, mwenye mali ana kesi. Nimule ndipo ushuru wetu wenyewe hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato, na ndipo maofisa wa viwango hukagua ubora wa bidhaa.

Kila mmoja katika safari hiyo hula mkono wake: mwenye ghala, mwenye meli, bandari, wakala, mwenye lori, forodha, mpakuzi na mwenye duka la kuhifadhia. Hao ndio wanaozila zile dola 6.

HERUFI TATU ZENYE KUDANGANYA

Muuzaji wa ng'ambo akikuandikia bei, hutia mbele yake herufi tatu. Herufi hizo si mapambo. Ni masharti ya biashara ambayo Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara mjini Paris kilianza kuyachapisha mwaka 1936 ili muuzaji na mnunuzi wasigombane.

Akiandika EXW, maana yake ni bei ya mlangoni mwa kiwanda. Hata lori la kuutoa mzigo pale ni juu yako. Akiandika FOB, muuzaji atalipa gharama zote hadi mzigo uwe ndani ya meli katika bandari ya kwao, na baada ya hapo ni wako. Akiandika CIF, amelipa pia nauli ya meli na bima hadi bandari ya kufikia.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu huletewa bei iliyoandikwa "CIF Mombasa", akafurahi kwamba usafiri umo ndani. Kweli umo, lakini ni wa majini tu. Gharama za bandari ya Mombasa, wakala, dhamana, lori la kilomita 1,600, ushuru wa Nimule na kupakua Juba, vyote bado havijaguswa. Mombasa si Juba, wala Juba mjini si Mangateen. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei yoyote, uliza, "Bei hii inaishia wapi?" Ukijibiwa, tia alama mahali hapo katika ramani, kisha hesabu kilichobaki hadi mlangoni pako.

HESABU YA SANDUKU

Sasa tufanye hesabu, kama ile ya ubaoni. Takwimu hizi ni za mfano tu, kwa kuwa bei hubadilika kila mwezi, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuseme sanduku lina kina mama 25, na kila mmoja ametoa dola 60. Hizo ni fedha za kukusanya kwa taabu na kwa muda mrefu. Jumla ni dola 1,500. Wanaagiza taa 150 kwa bei ya dola 6. Hapo zimekwenda dola 900. Taa hizo zimetiwa katika maboksi 10, kila moja lina urefu wa sentimita 50, upana 40 na kimo 50. Boksi moja la kipimo hicho ni sehemu ya kumi ya mita moja ya ujazo, hivyo maboksi 10 ni mita moja kamili. Kontena la futi 20 huchukua karibu mita 33 za ujazo. Kwa hiyo mzigo wa sanduku letu ni fungu moja katika mafungu 33, nao lazima uingie katika kontena la kuchangia, ambamo kila mtu hulipa kwa mita yake.

Tuseme usafiri wote wa bahari na nchi kavu pamoja na wakala ni dola 300. Ushuru na ada ni dola 180. Kutuma fedha ng'ambo na kumlipa mtu wa kukagua mzigo kabla haujaondoka ni dola 60. Kupakua, kuchukuza hadi Mangateen na kodi ya mahali pa kuhifadhia ni dola 60. Jumlisheni: 900, na 300, na 180, na 60, na 60. Ni dola 1,500 barabara. Sanduku limebaki tupu.

Taa zinafika. Kumi zimevunjika au haziwaki. Zimebaki 140. Gawanyeni 1,500 kwa 140: kila taa imewagharimu kina mama dola 10 na senti 71. Ile taa ya dola 6 sasa imekuwa taa ya dola karibu 11, hata kabla ya kumwona mnunuzi wa kwanza.

Wakiuza zote kwa dola 12 watapata dola 1,680. Faida ni dola 180, yaani dola 7 na senti 20 kwa kila mama, baada ya kungoja pengine miezi minne. Si hasara, lakini si ile "mara mbili" iliyosemwa uani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya bei iliyo katika picha na bei iliyo katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

MKOPO WA RAFIKI NA KUPOROMOKA KWA PAUNI

Faida hiyo ndogo ina maadui wawili, na wote wawili wanaishi karibu nasi.

Adui wa kwanza ni mkopo. Katika makambi yetu hakuna neno linalosikika kama hili: "Nipe leo, nitalipa mshahara ukitoka." Askari mwenzake mumeo akija kuomba taa kwa mkopo, ni vigumu kumkatalia, kwa maana wamelala pamoja mahandakini. Lakini angalieni: taa 15 tu zikichukuliwa kwa mkopo zisilipwe, ni mara 15 dola 12, yaani dola 180. Faida yote ya kina mama 25 imetoweka kwa wema wa taa 15. Ni heri sanduku liweke kanuni kabla mzigo haujafika, kwamba hakuna mkopo kwa yeyote, hata kwa mkubwa. Kanuni ikiwa ya wote, hakuna mama atakayeambiwa ana roho mbaya.

Adui wa pili ni thamani ya fedha. Kina mama hununua kwa dola, lakini hapa Mangateen huuza kwa pauni. Pauni ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011. Desemba 2015 serikali iliiachia ielee sokoni, na mara moja dola iliyokuwa pauni 2.95 ikawa zaidi ya pauni 18. Siku hizi dola moja huhesabiwa kwa maelfu ya pauni. Sasa tuseme taa zimeuzwa kwa pauni kwa muda wa majuma sita, na katika majuma hayo pauni imepoteza sehemu ya kumi ya thamani yake. Zile dola 1,680 zinakuwa dola 1,512. Faida iliyobaki ni dola 12, nayo ikigawanywa kwa watu 25 ni senti 48 kwa kila mmoja. Haitoshi hata sabuni.

Dawa yake ni nini? Kwanza, pauni za mauzo zisilale. Kila jioni ya juma zibadilishwe ziwe mali au fedha isiyoyeyuka, kwa njia za halali. Pili, bei ya kuuzia iangaliwe upya kila juma kwa kufuata kiwango cha siku hiyo, wala si kiwango cha siku mlipoagiza. Tatu, msiagize mzigo utakaochukua miezi kumalizika dukani. Mzigo unaouzwa upesi kwa faida ndogo ni bora kuliko ule unaokaa kwa faida kubwa ya kinadharia.

VITA VYA MBALI, BEI YA KARIBU

Jambo hili la bei kupanda kwa sababu za mbali si geni katika Afrika Mashariki. Hata lugha yetu imelihifadhi. Ile nguo nyeupe ya pamba iitwayo merikani ilipata jina hilo kwa sababu ililetwa Unguja na meli za Wamarekani, hasa kutoka bandari ya Salem, baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Nguo hiyo ilikwenda na misafara hadi bara, ikawa kama fedha. Kisha mwaka 1861 Wamarekani wakaingia vitani wao kwa wao, pamba ikaadimika, na merikani halisi ikapanda bei na kupungua sokoni. Nguo za Kiingereza na za Kihindi zikachukua nafasi yake. Mtu wa bara aliyeuza pembe na kulipwa nguo hakujua walikopigana, lakini aliiona vita hiyo katika upungufu wa dhiraa zake.

Hali ni hiyo hiyo leo. Tangu Novemba 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikazipitisha meli zao kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nauli za makontena zikapanda mwaka 2024, hata katika njia zisizopita huko, kwa sababu meli na makontena yalikuwa yamezuiliwa katika safari ndefu. Kwa hiyo anayeagiza mzigo asihesabu kwa nauli ya mwaka jana. Na aache kando akiba, walau fungu moja katika kumi, kwa ajili ya lisilotazamiwa.

MBUZI KATIKA GUNIA

Tuje kwa walaghai. Hao wapo kila mahali, na mbinu zao kubwa ni tatu.

Mbinu ya kwanza ni muuzaji asiyekuwapo. Ana picha nzuri, ana bei ya chini kuliko wote, na ana haraka ya kulipwa. Hutaka fedha zote kabla, tena kwa jina la mtu binafsi wala si kwa jina la kiwanda. Desturi ya biashara nyingi za viwandani ni kulipa sehemu kwanza, aghalabu asilimia 30, na zilizobaki mzigo ukiwa tayari na umekaguliwa. Yapo pia masoko ya intaneti, kama vile Alibaba iliyoanzishwa mwaka 1999 mjini Hangzhou, ambayo yana utaratibu wa kuzilinda fedha za mnunuzi ikiwa mzigo haukuja ulivyoagizwa. Lakini kinga hiyo hufanya kazi kwa yule tu aliyelipa ndani ya utaratibu wenyewe. Muuzaji akikwambia, "Tutoke huku, nilipe pembeni nikupunguzie," jua kwamba anakutoa nje ya ua wenye mlinzi.

Mbinu ya pili ni ya namba ya benki kubadilika. Mmeshapatana na kiwanda cha kweli, kisha unapata barua katika simu yako isemayo kwamba akaunti imebadilika, lipa hapa. Barua inafanana na zile za awali kwa kila hali. Aliyeiandika ni mwizi aliyeingia katika mawasiliano yenu. Usilipe kamwe kabla ya kumpigia muuzaji kwa namba ile ile ya zamani na kuisikia sauti yake.

Mbinu ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi, maana huja kwa uso wa ndugu. Ni mtu wa kwetu, wa kanisa letu au wa kikosi kimoja, anayekusanya fedha za watu akisema anakwenda Dubai au Guangzhou. Huenda ni mwaminifu. Lakini uaminifu haukatai stakabadhi. Mpeni fedha kwa maandishi, pawe na mashahidi, na aandike ataleta nini, kiasi gani, lini, na atafanya nini mali isipokuja. Mtu mwaminifu hatachukia karatasi, kwa sababu nayo humlinda.

Hata pasipo wizi, kuna bidhaa duni. Taa nyingi huandikwa nguvu kubwa kuliko zilizo nazo. Agizeni kwanza taa mbili au tatu za kuonja, muziwashe usiku mzima, muziangushe chini, muziache juani. Ulizeni kama zimepimwa. Uko mpango uitwao VeraSol, ulioanza mwaka 2020, unaoorodhesha vifaa vya jua vilivyopimwa ubora. Kumbukeni pia kwamba taa zina betri za lithiamu, na ndege zina masharti makali juu ya betri hizo kwa hofu ya moto. Anayekuahidi kuzileta kwa ndege bila kuuliza lolote juu ya betri, hajui kazi yake au anaficha jambo.

MAGWANDA SI HATI YA FORODHA

Sasa neno kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi wenyewe. Mnisamehe, lakini safu ya nyumbani haiwezi kulinyamazia.

Mzigo wa kweli husafiri na karatasi zake: ankara ya muuzaji, orodha ya maboksi, hati ya shehena, cheti cha mahali bidhaa ilikotengenezwa, na stakabadhi za ushuru. Magwanda hayamo katika orodha hiyo. Wako wanaodhani kwamba mume akiwa na cheo, mzigo wa mke utapita Nimule bila kulipiwa. Pengine utapita mara moja. Lakini mzigo uliopita kwa jina la mtu humtegemea mtu huyo. Siku akihamishiwa Wau au Malakal, biashara imekufa, na pengine kesi imezaliwa.

Jihadharini pia na aina ya bidhaa. Mavazi ya madoadoa ya kijeshi, hata yawe ya watoto au ya urembo, yana hatari. Kenya na Uganda zina sheria zinazomkataza raia kumiliki mavazi ya jeshi, na mzigo wetu lazima upite huko. Simu za upepo na ndege ndogo zisizo na rubani nazo hutaka vibali. Katika kontena la kuchangia, boksi moja lililofichwa huzuia maboksi ya watu wote. Kwa hiyo mwulizeni wakala mwenzenu ni nani na ameweka nini.

Kuna jambo lingine. Kati ya Machi na Aprili 2021 madereva wa malori waliuawa katika barabara zinazoingia Juba, na wenzao wa Kenya na Uganda wakagoma kuleta mizigo. Katika siku hizo bidhaa zilipungua madukani, na aliyelala na njaa hakuuliza kabila wala cheo. Barabara ya Nimule ni mshipa wa damu wa mji huu. Askari anayeilinda anailisha nyumba yake mwenyewe. Na kila kizuizi kisicho cha sheria, kila noti inayotolewa dirishani mwa lori bila stakabadhi, haimwumizi dereva peke yake. Dereva humwongezea mwenye mzigo, mwenye mzigo humwongezea mwenye duka, na mwenye duka humwongezea mke wa askari aliyekuja kununua taa ili mtoto asome usiku. Fedha iliyochukuliwa njiani hulipwa nyumbani.

TUANZIE WAPI?

Baada ya hayo yote, je, safu hii inasema watu wasiagize? Sivyo. Inasema wapande ngazi kwa kuanzia daraja la chini.

Rudini katika hesabu yetu. Badala ya kwenda Guangzhou, sanduku limtume mtu mmoja mwenye kuaminika hadi Kampala, katika maduka ya jumla ya Kikuubo, ambako wafanyabiashara wenye makontena yao tayari wamekwisha kuvuka bahari. Tuseme huko taa ile ile ni dola 8 na nusu, na kuileta Mangateen pamoja na ushuru ni dola 2. Taa imefika kwa dola 10 na nusu. Waziwashe zote papo hapo kabla ya kulipa, wakatae zilizokufa. Wakinunua taa 40 tu, wametumia dola 420. Wakiziuza kwa dola 12 wanapata dola 480, faida 60. Zikiuzwa zote ndani ya mwezi mmoja, wanaweza kurudia mara tatu katika ile miezi minne ya kungojea meli. Mara tatu 60 ni 180.

Tazameni vema hesabu hiyo. Faida ni ile ile dola 180, lakini mtaji uliokuwa hatarini ni dola 420, wala si 1,500. Dola 1,080 zimebaki zimetulia sandukuni. Na pauni haikupata nafasi ya kuoza. Siri ya biashara ndogo haimo katika kununua mbali. Imo katika mzunguko wa fedha.

Sanduku likisha kuzunguka hivyo kwa mwaka mmoja, kina mama watakuwa wamejua taa ipi inanunuliwa, mwezi upi una soko, na wakala yupi hufika kwa wakati. Hapo ndipo waungane na masanduku mengine mawili au matatu, waagize ng'ambo mita tano au kumi za ujazo, ambapo gharama ya ukaguzi na ya kutuma fedha haibebwi na boksi chache. Wawe na daftari, na majina ya watunzaji wawili kwa kila kazi, kwa kuwa familia za askari huhamishwa bila taarifa ndefu. Mama mmoja akiondoka na mumewe kwenda kituo kipya, funguo na maarifa visiondoke naye, na hisa yake alipwe kwa maandishi.

Hapa Mangateen wengi wetu tumefika tukiwa tumeacha mali zetu nyuma. Wapo waliohamishiwa katika kambi ya hapa mwaka 2018 kutoka hifadhi ya Umoja wa Mataifa, wapo waliorudi kutoka makambi ya Uganda na Kenya, na wapo waliofuata vikosi vya waume zao. Kwa watu wa namna hiyo mtaji uliokusanywa kwa dola mbili mbili si fedha tu; ni ada ya shule, ni dawa, ni uji wa asubuhi. Aliyepoteza mtaji wa ziada amepata hasara. Aliyepoteza mtaji wa chakula ameleta msiba nyumbani. Ndiyo maana twasisitiza: tolea biashara ya ng'ambo fedha ambayo nyumba inaweza kuishi bila hiyo kwa miezi sita. Kama hakuna fedha hiyo, bado zamu yako haijafika, na kungoja si aibu.

Mwenda pole hajikwai. Kateni kipande hiki cha gazeti, kibandikeni ndani ya jalada la daftari la sanduku, na siku mtakapoletewa picha yenye bei ya ajabu, someni kwanza hesabu ile ya taa 150 kabla ya kutoa hata pauni moja.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya namna ya kuandika daftari la matumizi ya nyumba pale mshahara usipofika kwa wakati wake. Hadi hapo, kaeni salama.